Kuchagua Programu za Picha na Sauti kwa Anayejifunza Kutengeneza Michezo ya Kompyuta





Katika somo hili tunakusudia kujibu swali ambalo vijana wengi huuliza wanapoanza kujifunza kutengeneza michezo ya kompyuta: je, nitumie programu gani kuchorea picha, na nitumie ipi kutengenezea sauti? Mara nyingi swali hili huulizwa kana kwamba jawabu lake ni jina moja tu, na jina linalotajwa huwa ni la programu ya gharama kubwa. Hapo kijana hujiona yuko baina ya njia mbili. Ama aache kabisa kwa kuwa hana fedha, ama achukue nakala iliyoibwa. Tunapenda ieleweke tangu mwanzo kwamba halazimiki kufuata njia yoyote kati ya hizo mbili. Programu za halali na zisizo na malipo zipo, na zinatosha. Linalotakiwa ni kujua namna ya kuchagua.

1. TUANZE NA MCHEZO, SI PROGRAMU

Fundi seremala hanunui msumeno kabla ya kujua anatengeneza kitanda au mlango. Vivyo hivyo, kabla ya kutafuta programu, tuandike kwenye karatasi mchezo wetu unahitaji picha ngapi na milio mingapi.

Tuchukue mfano wa mchezo tunaoujua sote, nao ni bao. Tukitaka kuutengeneza ndani ya kompyuta tutahitaji nini? Bao lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete zake ni 64. Asiyefikiri atadhani anatakiwa kuchora picha mia moja. Lakini tukitazama vizuri, mashimo 30 yanafanana, na yaliyobaki mawili ni nyumba, moja kwa kila mchezaji. Basi tunahitaji picha mbili tu za mashimo. Kete nazo tunachora moja, au tatu zenye kutofautiana kidogo ili zisionekane kama mhuri, kisha kompyuta inazirudia. Tukiongeza tarakimu 10 za kuhesabia na vitufe vya kuanza na kumaliza, orodha ya picha haifiki 20.

Upande wa sauti tutahitaji mlio wa kete ikianguka kwenye shimo tupu, mlio wa kete ikiangukia kete nyingine, mlio wa kuzoa kete kwa mkono, na mlio wa kumaliza mchezo. Ni milio minne.

Kurudia picha moja mara nyingi si uvivu. Hata katika Super Mario Bros., mchezo maarufu wa kampuni ya Nintendo ya Japani uliotoka mwaka 1985, umbo la wingu na umbo la kichaka ni picha ile ile iliyobadilishwa rangi. Walifanya hivyo kwa sababu nafasi ya kuhifadhia picha ilikuwa ndogo sana. Nasi tujifunze kubana, kwani muda wetu pia ni mdogo.

2. MASWALI MATANO YA KUJIULIZA

Orodha ikishakuwa mkononi, kila programu tunayoambiwa kuwa ni nzuri tuipime kwa maswali haya:

(a) Je, inafanya kazi iliyomo katika orodha yangu? Programu yenye mambo elfu ambayo huyahitaji itakuchelewesha.

(b) Je, kompyuta yangu inaiweza? Kompyuta nyingi za majumbani ni za mtumba, na kumbukumbu zake ni ndogo. Programu inayoganda kila baada ya dakika tano haikufai hata kama wakubwa wanaitumia.

(c) Je, ninaipata kwa njia ya halali? Hili tutalieleza zaidi hapa chini.

(d) Je, inatoa faili ambalo mchezo wangu utaweza kulisoma? Kwa picha za mchezo tunataka PNG, na kwa sauti tunataka WAV au Ogg.

(e) Je, inafanya kazi bila intaneti? Mwenye kununua vifurushi vya intaneti kwa shida asitegemee programu inayotaka kuunganishwa kila mara.

Programu ikifaulu maswali yote matano, tuishike na tuache kutafuta nyingine. Wapo vijana ambao mwaka mzima wanabadilisha programu, na mwisho wa mwaka hawana hata picha moja iliyokamilika.

3. PROGRAMU ZA PICHA

Picha za michezo zimegawanyika katika aina nne, na kila aina ina programu zake.

Aina ya kwanza ni picha za vidoti, yaani zinazochorwa pikseli moja moja kama anayeshona kofia tundu kwa tundu. Hizi ndizo tunazomshauri anayeanza. Shimo letu la bao linaweza kuwa na pikseli 64 kwa 64, na kete pikseli 16 kwa 16. Kwa vipimo hivyo, bao zima litakuwa na upana wa pikseli 512 na kimo cha pikseli 256, na litaenea kwenye kioo cha kompyuta yoyote. Kwa kazi hii ipo Piskel, ambayo haina malipo, na ipo LibreSprite, ambayo pia haina malipo na ni nyepesi. Aseprite ni nzuri sana kwa picha zinazotembea, lakini nakala yake iliyo tayari inauzwa.

Aina ya pili ni picha za kupaka rangi kama kwa brashi, pamoja na kurekebisha picha za kamera. Kwa kupaka rangi tunaichagua Krita. Kwa kurekebisha picha tunaichagua GIMP, ambayo ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, Marekani, na hadi leo inaendelea kutolewa bure.

Aina ya tatu ni picha za mistari, ambazo kompyuta huzikumbuka kwa hesabu za mistari na mikunjo badala ya vidoti. Faida yake ni kwamba ukizikuza haziharibiki. Zinafaa kwa vitufe, alama na maandishi ya kichwa cha mchezo. Programu yake ni Inkscape, iliyoanza mwaka 2003.

Aina ya nne ni maumbo ya pande tatu, ambayo mchezaji anaweza kuyazunguka. Programu yake ni Blender. Hii tunaitaja ili ijulikane, lakini hatumshauri mwanafunzi aanze nayo. Inataka kompyuta yenye nguvu na miezi mingi ya kujifunza.

Yapo mambo matatu ambayo huwapa taabu wanaoanza. La kwanza, usihifadhi picha ya mchezo kwa JPEG. Aina hiyo inapunguza ukubwa wa faili kwa kupoteza sehemu ya picha, kwa hiyo kingo hufifia. Tena haiwezi kuwa na sehemu inayopenya macho, na kete yako itaonekana imebebwa ndani ya kisanduku cheupe. PNG haina kasoro hizo. La pili, hifadhi pia faili la kazi la programu yenyewe, kama vile XCF kwa GIMP au KRA kwa Krita, ili kesho uweze kurekebisha bila kuanza upya. La tatu, ukikuza picha za vidoti, zikuze mara 2, 3 au 4 kamili. Ukizikuza mara moja na nusu, vidoti vingine vitakuwa vinene na vingine vyembamba.

4. PROGRAMU ZA SAUTI

Programu ya kwanza tunayomshauri kila mwanafunzi ni Audacity. Ilianzishwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ikatolewa kwa watu mwaka 2000. Inarekodi, inakata, inaunganisha na inasafisha sauti, nayo haina malipo.

Turudi kwenye bao letu. Mlio wa kete hatuna haja ya kuutafuta mbali. Tuweke simu karibu na bao, tuzime feni, tufunge dirisha, kisha tudondoshe kete moja baada ya nyingine. Kabla ya kuanza, tuache simu irekodi sekunde tano za kimya. Kimya hicho kina kazi yake. Ndani ya Audacity tutaionyesha programu sehemu hiyo ili iutambue uvumi wa chumba, kisha itauondoa katika rekodi yote. Baada ya hapo tukate kimya chote kilichopo kabla ya mlio. Tukikiacha, mchezaji ataiona kete imeanguka na mlio utafuata baadaye kidogo, na mchezo utaonekana mzito.

Tusichukue mlio mmoja tu. Katika bao kete huanguka mara nyingi kwa mfululizo, na sikio huchoka upesi likisikia mlio ule ule usiobadilika. Tuchague minne au mitano inayotofautiana kidogo, na mchezo uchague mmojawapo kila mara.

Mwanafunzi ajue pia hesabu ya ukubwa. Sauti ya WAV ya kiwango cha kawaida cha CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huchukua baiti 2 kwa kila upande wa spika. Kwa pande mbili, dakika moja huchukua megabaiti 10 hivi. Lakini mlio wa kete wa upande mmoja, wenye urefu wa sehemu mbili za kumi za sekunde, unachukua baiti 17,640 tu. Kwa hiyo milio mifupi iwe WAV, na sauti ndefu iwe Ogg, ambayo inabana faili.

Kwa milio isiyokuwepo duniani, kama ya kuruka au ya kuokota sarafu ndani ya mchezo, ipo programu ndogo iitwayo sfxr. Ilitengenezwa mwaka 2007 kwa ajili ya washiriki wa shindano la kutengeneza mchezo ndani ya saa 48. Unabonyeza kitufe, inatoa mlio. Kama hukuupenda, unabonyeza tena.

Ama kuhusu muziki, wanafunzi wetu wanajua kwamba wanavyuoni wana maelezo yao kuhusu ala, na familia zetu zinafuata maelezo hayo. Vilevile kuna maelezo kuhusu kuchora vyenye roho. Mwenye shaka amuulize ustadhi wake. Sisi hapa tunataka kusema jambo moja la kiufundi: mchezo hauhitaji muziki ili uwe mchezo. Bao lenye mlio wa kete juu ya mti, na nyuma yake upepo wa minazi au mawimbi ya pwani, linapendeza na kutosheleza. Wala halihitaji picha ya kiumbe chochote. Basi asiache mtu kujifunza kwa kudhani kwamba mlango ni mmoja tu.

5. NAKALA ZA WIZI

Hapa tunafika kwenye jambo zito la somo hili. Katika miji yetu si vigumu kupata nakala ya Photoshop au ya programu kubwa ya sauti iliyovunjwa kufuli yake, kwa bei ya soda au bila ya chochote. Wengi hawaoni tatizo, kwa sababu aliyetengeneza yuko mbali na hapungukiwi na kitu kinachoonekana.

Tuligeuze suala. Umekaa mwaka mzima unatengeneza mchezo wako wa bao, umekosa usingizi, kisha mtu akauchukua na kuugawa bila ruhusa yako. Akisema kwamba hujapungukiwa na kitu, utakubali? Jasho ni jasho, liwe la jirani au la mtu wa ng'ambo. Mwanafunzi anayesoma kuhusu amana asubuhi hawezi kuivunja jioni kwa kisingizio kwamba hakuna anayemuona. Na kama siku moja ataliuza bao lake, swali litakuwa zito zaidi, kwani chumo litakuwa limejengwa juu ya kisichokuwa chake.

Hasara nyingine inaonekana kwa macho. Nakala zilizovunjwa ni mojawapo ya njia ambazo virusi huingia kwenye kompyuta, na kompyuta yenyewe mara nyingi ni ya familia nzima. Faili la baba la hesabu za duka likipotea kwa sababu ya programu ya kuchorea, nani atalirejesha?

Labda mtu atasema kwamba vya bure ni dhaifu. Tumpe mfano wa Blender. Programu hiyo ilikuwa mali ya kampuni ya Uholanzi iliyofilisika mwaka 2002. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, akawaomba watu wachange ili inunuliwe na iwe huru kwa wote. Zikapatikana euro 100,000 kwa muda wa wiki saba, na mwezi Oktoba mwaka huo ikatolewa bure. Mwaka 2025 filamu ya katuni iitwayo Flow, kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Naye Daisuke Amaya wa Japani alifanya kazi peke yake kwa miaka mitano, katika muda wake wa ziada, hadi akautoa mchezo wa Cave Story mwaka 2004. Picha, sauti na programu vyote vilikuwa kazi ya mikono yake, na aliutoa bure. Mifano hii inatosha kuonyesha kwamba upungufu mara nyingi huwa katika mazoezi yetu, si katika chombo.

6. PICHA NA SAUTI ZA WATU WENGINE

Si lazima kila kitu tukitengeneze wenyewe. Kwenye intaneti zipo hazina za picha na sauti zilizotolewa na wenyewe. Kwa picha ipo OpenGameArt, na zipo picha za Kenney wa Uholanzi. Kwa sauti ipo Freesound, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona. Lakini kuonekana kwa picha kwenye intaneti si ruhusa ya kuichukua. Tusome leseni yake kwanza. Zinazokutana nasi sana ni hizi:

CC0: mwenyewe ameachilia haki zake, itumie upendavyo.

CC BY: itumie, lakini lazima umtaje aliyeitengeneza.

CC BY-SA: mtaje, na ukiibadilisha na kuisambaza, kazi yako itokanayo nayo uitoe kwa leseni hiyo hiyo.

CC BY-NC: mtaje, na usiitumie katika biashara. Ikiwa una nia ya kuuza mchezo wako, iache.

Mwanafunzi wa madrasa ana faida hapa. Anajua kwamba habari haipokelewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani. Basi kila picha na kila sauti tuiwekee isnadi yake. Tuchukue daftari, tuandike jina la faili, jina la aliyelitengeneza, mahali tulipolipata, leseni yake na tarehe. Ni kazi ya dakika moja kwa kila faili, lakini ukiiacha hadi mwisho utakuwa na faili 50 usizojua asili yake. Orodha hiyo ndiyo itakayokuwa ukurasa wa shukrani ndani ya mchezo.

Siku hizi zipo pia programu zinazochora zenyewe ukiziandikia unachotaka. Anayejifunza asizitegemee. Mkono usiochora haujifunzi, na suala la nani mwenye haki ya picha hizo bado lina mabishano mahakamani.

7. NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu, mtoto akisema anataka kutengeneza michezo, msidhani anataka kucheza tu. Katika bao hili moja kuna hesabu, uchoraji, usikivu na subira. Wala msikimbilie kununua vifaa. Kompyuta ya mtumba, kipanya na simu ya kurekodia vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Kalamu ya kuchorea kwenye kompyuta na maikrofoni nzuri vinaweza kusubiri hadi mtoto aonyeshe kazi iliyokamilika.

Mpangieni muda usiogongana na sala, masomo na usingizi. Na kila mwisho wa wiki muulizeni swali moja: "Nionyeshe ulichokimaliza." Hata kama ni kete moja iliyochorwa vizuri, mpeni moyo. Pia muulizeni programu anayoitumia ameipata wapi. Mtoto anayejua kwamba mzazi wake anajali suala hilo atajali naye.

MAZOEZI

1. Chagua mchezo mmoja wa nyumbani kwenu. Andika orodha ya picha na milio inayohitajika, kisha onyesha zipi zinaweza kurudiwa.

2. Pima programu moja ya picha kwa maswali matano tuliyoyataja.

3. Rekodi mlio mmoja kwa simu. Ondoa uvumi na kimya cha mwanzo. Eleza tofauti uliyoisikia.

4. Kwa nini kete iliyohifadhiwa kwa JPEG haifai katika mchezo?

5. Umepata sauti yenye leseni ya CC BY-NC, nawe unataka kuuza mchezo wako. Utafanya nini?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na chumo la halali. Wabillahi tawfiq.